Dolphus Takazo na Kura ya Tisa

Binamu yangu Dolphus Takazo anaendesha lori la maji hapa Fort Aubrey. Aliliendesha miaka kumi na minne kabla ya kwenda Bungeni, na sasa amelirudia. Lori ni jipya lakini njia ni zile zile: anaanzia nyumba za juu karibu na uwanja wa ndege, anateremka mpaka zile za ukingoni mwa mto, anaunganisha bomba, anajaza tangi, anapiga honi mara mbili, anaondoka. Watoto humwita Waziri. Wakubwa nao humwita Waziri, ila wao wanajua kwa nini wanacheka. Yeye huwapungia mkono wote bila kuchagua, na hilo peke yake linanitia hasira.

Mimi naitwa Bernadette. Mama yangu na mama yake ni tumbo moja. Kwa miaka minane aliyokuwa mbunge nilikaa kwenye kiofisi chake nyuma ya duka la ushirika, kazi yangu ikiwa kupokea simu za watu waliokasirika. Nawajua wote kwa sauti zao, hata wanaobana pua wasijulikane. Kwa hiyo ninaposema kwamba Dolphus alikuwa mtu mwema na mwanasiasa wa hovyo, sijayaokota njiani. Nililipwa mshahara nikiyatazama.

Aliingia kwenye siasa kwa jambo moja tu, nyumba ya wazee. Hapa kwetu tuna zahanati yenye manesi wawili wanaobadilishwa kila baada ya miezi michache, basi. Mzee akishindwa kujihudumia, anapandishwa ndege na kupelekwa Yellowknife, mji mkuu wetu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, katikati ya watu wasioijua hata salamu yake. Anaondoka ameketi kwenye kiti, anarudi ndani ya sanduku. Sisi ambao hatukuwa na kazi ya kuingia nyumba za watu tuliona mmoja mmoja, tukasikitika, tukasahau. Dereva wa lori la maji hawezi kusahau, kwa sababu nyumba ikibaki tupu wakati wa baridi ni yeye anayeitwa kumwaga maji ya tangi, yasigande na kupasua mabomba.

Msimu mmoja wa baridi aliyamwaga matangi matano. La tano lilikuwa la baba yake mkubwa. Alimaliza, akaliacha lori likinguruma barabarani, akaingia ofisi ya kijiji na barafu kwenye nyusi, akaomba fomu za kugombea ubunge. Karani alidhani anatania. Dolphus alikuwa hajawahi kusema maneno ishirini mfululizo mbele ya watu.

Wala hakuyasema kwenye kampeni. Mpinzani wake, mwenye hoteli, alizungumza dakika arobaini kuhusu uongozi na maono. Dolphus alisimama, akavua kofia, akasema: "Mnanijua. Mkinipeleka nitaomba nyumba ya wazee, vitanda vinane, hapa. Mengine siyajui." Akaketi. Kina mama wa nyuma wakaanza kuchekelea kwa furaha. Alishinda kwa kura sitini na mbili.

Bunge letu halina vyama. Wabunge ni kumi na tisa na kila mmoja amekuja kivyake. Wakishafika wanajifungia, wanachagua Spika, wanachagua Waziri Kiongozi, kisha wanachagua mawaziri sita miongoni mwao. Kumi na mmoja wanaobaki ni wabunge wa kawaida, na kazi yao ni kuuliza. Miaka minne ya kwanza Dolphus alikuwa mwulizaji. Kila kikao alisimama na swali lile lile kwa Waziri wa Afya, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kama tangi limejaa: nyumba ya wazee Fort Aubrey imefika wapi? Nilikuwa naandika tarehe ukutani. Aliuliza mara arobaini na moja.

Alijibiwa mara arobaini na moja kwamba utafiti unaendelea. Na kweli uliendelea. Walikuja vijana wa kupima ardhi, wakachomeka vigingi pembeni ya kanisa na kuvifunga utepe wa rangi ya chungwa, na kunguru wakautoa wote kabla ndege ya vijana hao haijaruka. Mwaka uliofuata akaja dada mmoja mwenye kishikwambi kuwauliza wazee kama wanaihitaji nyumba. Wazee wakamkaribisha chai na kumweleza kwa saa tatu samaki walikuwa wapi mwaka fulani na nani alikufa maji wapi, yaani kwamba hawataki kuondoka mahali wanapopajua. Ripoti ilisema maoni ya wazee yalikuwa yamegawanyika. Niliipiga ile ripoti kwenye meza mpaka kikombe kikaanguka.

Alipochaguliwa mara ya pili tulimfanyia karamu. Kulikuwa na supu ya nyama ya porini, bata bukini, mkate wa kukaanga, na ngoma zikipashwa moto karibu na jiko ili ngozi zikaze. Mzee Zacharie, ambaye ulimi wake umewahi kumkimbiza padri hapa, akasimama na sahani yake mkononi.

"Kijana, miaka minne unapiga hodi," akasema. "Wenzako wako ndani wanakula, wewe unauliza kama chakula kimeiva. Safari hii ingia. Kaa karibu na sufuria."

Watu walipiga meza. Mimi nilipiga kuliko wote. Tukamwagiza, kijiji kizima, agombee uwaziri. Na hili ndilo kosa letu, simsingizii mtu: tulijua kabisa kwamba mawaziri husema kwa mdomo mmoja. Jambo likishaamuliwa ndani ya chumba chao, nje wanalitetea wote, hata aliyelipinga. Tulijua, ila tulidhani mdomo huo ungekuwa wa Dolphus.

Siku ya uchaguzi wa mawaziri kila mgombea hupanda mbele ya wenzake na kujieleza kwa nini anafaa. Sisi hatujui kujisifu, tumelelewa tukiona aibu hata kusema tumeua mnyama mkubwa. Dolphus hakujieleza. Aliwasimulia jinsi ya kumwaga tangi la mzee aliyeondoka: unafungua koki ya chini, unasubiri karibu nusu saa, na kwa kuwa huna pa kukaa unakaa kwenye kiti chake. Wakampa kura. Siku ya kiapo alizunguka chumba akamshika mkono Waziri Kiongozi na mawaziri watano wenzake, mmoja mmoja, akiwatazama machoni.

Wenzake walidhani ni adabu nzuri. Kwetu si adabu. Hapa kikao hakiishi mpaka watu wamezunguka ukumbi wakipeana mikono, na ukishampa mtu mkono juu ya jambo, jambo limefungwa. Mtu anayelifungua hapigwi wala hafukuzwi, ila siku nyingine akinyoosha mkono watu wanatazama pembeni. Nimeliona hilo likimpata mtu mmoja tu maishani mwangu, na alihama.

Walimpa Wizara ya Ujenzi. Alifanya kazi, sitamdhulumu. Barabara ya barafu, ile ya juu ya mto ulioganda, ikawa inafunguliwa wiki mbili mapema, uwanja wetu wa ndege ukapata taa, maji ya kunywa yakaacha kunuka. Na mwaka wa pili, nyumba ya wazee ikaingia kwenye mpango wa serikali kwa maandishi: Fort Aubrey, vitanda vinane. Nilinunua keki dukani, ile ya kugandishwa, na tukaila kabla haijayeyuka vizuri.

Mwezi mmoja baadaye mama yake, Marie-Adele, akaanguka kwenye kibanda cha kukaushia samaki akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka themanini na mitatu na alikuwa bado anatega nyavu. Alilala sakafuni kutwa nzima, na Dolphus alipompigia simu kutoka mjini kumuuliza habari zake akaona haipokelewi, akanituma nikamwangalie. Nilimkuta mimi. Aliniambia nigeuze samaki kwanza, upande mmoja ulikuwa unakauka kupita kiasi.

Wakampeleka Yellowknife. Dolphus alikuja na ndege iliyomchukua, akarudi nayo ameshika chupa ya dripu ya mama yake. Akamwambia, "Mwaka mmoja tu, mama. Nyumba ikiisha wewe ndiye wa kwanza kuingia." Mama yake akamwambia sawa, ila achague kitanda kisichokuwa karibu na choo.

Nyumba ile ya Yellowknife ni safi na wahudumu wake ni watu wazuri. Nasema hivyo ili nisionekane nina chuki. Lakini hakuna aliyejua Kidene, lugha yetu. Mama mkubwa alikuwa anaelezwa kwa ishara wakati wa kula, wakati wa kuoga, wakati wa kulala, na yeye hakuwahi kuongozwa kwa ishara tangu azaliwe. Chakula kilimshinda. Dolphus akamletea samaki mkavu, lakini wengine wakalalamikia harufu, ikawekwa kanuni: vipande viwili, siku ya Jumamosi, ndani ya kopo lenye kifuniko. Waziri wa serikali, mwenye gari na dereva, alikuwa anafika kila Jumamosi na vipande viwili. Nilimwambia angeficha vitatu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe benki.

Kisha likaja lile jua la mwaka wa tatu. Mto ulishuka mpaka tukatembea penye maji ya miaka yote. Majahazi ya mizigo hayakupita, mafuta na unga vikaletwa kwa ndege kwa vijiji vyote, na misitu ikaungua kuanzia Juni mpaka theluji ilipoizima. Hazina ya serikali ikakauka pamoja na mto. Januari mawaziri wakajifungia siku tatu kupunguza mipango. Siku ya nne simu ikalia ofisini kwangu.

"Imetolewa," Dolphus akasema.

"Nyumba ya wazee? Nani ameitoa?"

"Sisi."

Nilimuuliza yeye alisema nini humo ndani. Akanijibu kwamba yanayosemwa humo hayatoki, ila hakuwa na mwenzake. Nikamuuliza wametutoa sisi ili wamjengee nani. Hapo hakuwa na haja ya kuficha, ilikuwa kwenye karatasi: jengo jipya la ofisi za serikali pale pale Yellowknife limebaki, kwa sababu lile la zamani lina ukungu ukutani. Nilikata simu. Ni mara ya kwanza kumkatia mtu simu katika kazi ile, na nilikuwa nimeshatukanwa na nusu ya kijiji.

Aliyetusaidia hakuwa hata mtu wa kwetu. Rosalie Kapvik, mbunge wa kawaida kutoka pwani ya kaskazini kabisa, mama mnene asiyeogopa mtu, alileta hoja: fedha za jengo la ofisi ziondolewe kwenye bajeti mpaka serikali irudishe vitanda vya Fort Aubrey. Alinipigia mwenyewe kunieleza hesabu. Wabunge wa kawaida walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa upande wa serikali, kila mmoja ana barabara yake aliyoahidiwa. Basi tisa wanaunga mkono hoja. Mawaziri saba, ukimhesabu Waziri Kiongozi, wakiongeza hao wawili, tisa wanapinga. Zikilingana, Spika huacha mambo kama yalivyo, yaani hoja imeanguka.

"Kwa hiyo dada, anahitajika mmoja tu avuke," akasema. "Na nadhani wote wawili tunajua ni nani."

Kijiji kizima kilijua kabla ya jioni. Mzee Zacharie alikuja ofisini na viatu vya theluji, akaketi kwenye kiti cha wageni, akasema hataondoka mpaka nimwambie Dolphus ajiuzulu uwaziri asubuhi na apige kura na kina Rosalie mchana. Nilimwambia wewe mzee ndiye uliyemtuma akae karibu na sufuria. Akasema ndiyo, na sasa anamtuma alipindue. Tukachangishana nauli, nikapanda ndege siku moja kabla ya kura.

Nilimkuta ofisini kwake saa sita mchana, anakula sandwichi iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amekonda. Nikamweleza yote, ya Zacharie, ya Rosalie, ya kina mama wanaosali kanisani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Niliwapa mkono, Bernadette," akasema.

"Hao hawajui mkono ni nini. Kwao ni kama kusema habari ya asubuhi."

"Mimi najua."

"Na mama yako ulimwambia nini kwenye ndege?"

Akaweka sandwichi chini. "Nilimwambia mwaka mmoja. Nilidanganyika. Kudanganyika ni kitu kimoja, na kuvunja ni kingine. Nikiuvunja huu, nitakaporudi nyumbani nikawapa watu mkono, utakuwa mkono gani?"

"Utakuwa mkono uliojenga nyumba, mjinga wewe."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema tu kwamba Waziri Kiongozi amemwahidi vitanda vitakuwa vya kwanza kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Nikamuuliza kama hiyo nayo alipewa mkono. Akatazama dirishani. Nilitoka bila kumuaga, nikazunguka mitaani kwenye baridi mpaka meno yakaniuma, nikimtukana kwa lugha zote mbili ninazozijua.

Siku ya kura sikwenda Bungeni. Nilikwenda kukaa na mama mkubwa. Nilimkuta ameshachana nywele, amefunga kitambaa chake chenye maua, ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni ya ukumbini. Mhudumu akaniambia kwamba ndivyo anavyofanya kila Bunge likikaa, haruhusu mtu aguse kitufe. Nilidhani ni kwa ajili ya kumwona mwanawe. Kumbe ni kwa ajili ya mkalimani. Bunge linatafsiriwa kwa Kidene, na sauti ya yule binti ndani ya televisheni ilikuwa sauti pekee katika jengo zima iliyosema lugha yake. Mama mkubwa alikuwa anamjibu. Mkalimani alipotafsiri salamu za Spika, na yeye akaitikia.

Kwa hiyo aliisikia hoja yote kwa Kidene kizuri. Alimsikia Rosalie akisema wazee wanakufa mbali. Alisikia jengo la ofisi na ukungu wake. Alipochoka alinishika kidole gumba, kama alivyokuwa akitushika utotoni kanisani tusisinzie.

Kura ilikuwa ya kusimama. Waliounga mkono walisimama mmoja mmoja, wakatajwa, nikahesabu kwa vidole: tisa. Kisha wakaitwa wanaopinga. Waziri Kiongozi akasimama. Wa Afya akasimama, wa Fedha, wa Elimu, na wengine wawili. Halafu kamera ikahamia kwa Dolphus. Alikuwa amevaa kizibao cha ngozi iliyofukizwa moshi, chenye maua ya shanga mabegani, alichoshonewa na mama yake alipoapishwa. Alikaa kidogo. Kisha akasimama, na yule binti akasema kwa Kidene, taratibu, kila neno mahali pake: mheshimiwa wa Fort Aubrey, anapinga.

Wakafuata wale wawili wa barabara. Tisa kwa tisa. Spika akasema mambo yabaki kama yalivyo.

Nilitaka kuirushia televisheni kikombe cha chai. Mama mkubwa alikuwa bado anaitazama.

"Kizibao kimemkaa vizuri," akasema. "Ila amekonda. Hamumlishi?"

Dolphus alifika baada ya saa moja, bado na kizibao. Tulikuwa tumesharudi chumbani. Kile chumba kina vitanda viwili, na kitanda cha mama mkubwa ndicho cha mlangoni, nyuma ya kabati. Alisimama katikati ya chumba na mikono yake mikubwa ya bomba la maji ikining'inia tu. Nikamuuliza kama amefurahi. Akasema Waziri Kiongozi alimfuata koridoni baada ya kura.

"Ameniambia walidhani nitajiuzulu. Walikuwa wameshaandika barua ya kunishukuru. Na walikuwa wameshatafuta fedha pengine, za kurudisha vitanda, kwa sababu walijua wakinikosa wanashindwa." Alisema hayo polepole, kama anatafsiri. "Amesema nimemshangaza. Amesema nimemwokoa."

Walikuwa tayari kumpa. Walikuwa wamemfungulia mlango wakasubiri aupige teke, kama ambavyo mtu yeyote wa kule angefanya, naye akabaki amesimama nje, kofia mkononi, kwa sababu alikuwa amewashika mikono. Nilimhurumia, na nilimchukia kiasi hicho hicho.

Mama yake alikuwa ameyasikia yote. Alijiweka sawa kwenye mto.

"Basi nakaa," akasema. "Kama nakaa, nikae vizuri. Yule mama wa dirishani amekufa Jumatatu. Nisogeze pale, mwanangu."

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Dolphus hakusubiri kuambiwa tena. Alikitoa pembeni kile kitupu, akafungua breki za magurudumu ya kitanda cha mama yake kwa mguu, akakisukuma na mama yake juu yake, kikapita kwenye kabati kwa upana wa kidole. Akakifikisha dirishani. Akavuta pazia. Mwanga ukamwangukia mama mkubwa usoni, akafumba macho, akayafumbua, akageukia nje. Dolphus alikuwa amepinda kushika breki, hakuona nje. Alikuwa anamtazama mama yake tu, na kwa mara ya kwanza katika siku ile alikuwa na sura ya mtu aliyefanya jambo. Tulikaa hivyo kama dakika tano.

Kisha akaja nesi mkuu. Hakuwa mtu mbaya, nilishasema. Alisimama mlangoni akapiga hodi kwenye fremu.

"Mheshimiwa, samahani sana. Kitanda cha dirishani kina orodha yake. Kuna mzee wa chumba cha pili ameomba tangu Novemba, na mama yetu hapa ni wa nne."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yule nesi na serikali iliyomwajiri. Dolphus akaniinulia kiganja.

"Ni kweli," akamwambia nesi. "Wanaosubiri wanasubiri. Samahani, sikuuliza."

Akafungua breki. Akakirudisha kitanda mlangoni, taratibu, akiangalia kisigonge kabati. Akarudisha na kile kitupu dirishani, macho chini, akanyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana. Nesi akamshukuru akaenda zake. Dolphus alibaki ameinama juu ya lile shuka, na mabega ya kile kizibao, pamoja na maua yake yote, yakaanza kutikisika.

"Wewe," mama yake akamwita. "Njoo hapa. Acha hayo, mwanangu. Nimeshaona huko nje, hamna kitu. Magari tu, yamepangwa."

Alimfuta uso kwa pembe ya kitambaa chake. Dolphus akacheka kidogo, cheko la pua. Akasema ana kikao saa kumi, mawaziri wanamsubiri. Akambusu, akanipita mimi bila kunitazama, akaondoka.

Nilikaa nikamkunjia blanketi, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Halafu, sijui kwa nini, nikazunguka kabati nikaenda dirishani. Hapakuwa na gari hata moja. Kulikuwa na ziwa zima, jeupe mpaka upeo wa macho, na karibu na ukingo mume na mke walikuwa wanavuta wavu kutoka chini ya barafu, mkono kwa mkono, wanatupa samaki kwenye theluji, na samaki wakawa wanagaagaa mara mbili tatu kabla ya kuganda. Niligeuka. Mama mkubwa alikuwa ameinuka kwa kiwiko, ananichungulia pembeni ya kabati. Aliweka kidole mdomoni.